Shajara ya mradi: natafuta pampu ya kurudisha maji ambayo umeme ukikatika na kurudi inawaka tena

Pa kuanzia

Tangi la samaki limeshasimama kwenye stendi, sm 120 kwa 50 kwa 50, kwa hiyo lita 300 ukijaza mpaka mdomoni, na chini yake kabatini kuna sampu, lile tangi la pili la vifaa, sm 80 kwa 40 kwa 40. Mfumo ni ule wa kawaida, maji yanashuka yenyewe kupitia boksi la kufurikia, yanapita kwenye soksi ya kuchujia, skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa mapovu), hita, halafu yakifika chemba ya mwisho pampu inayasukuma juu tena. Ni maji chumvi, samaki wachache kwanza, matumbawe baadaye.

Taa ikifa usiku hakuna atakayeumia, skima ikigoma siku mbili tatu utaona maji yamechafuka kidogo basi. Ila pampu ya kurudisha ikisimama, hita inabaki inapasha maji ya sampu peke yake huku juu kunapoa, uso wa maji unatulia, oksijeni inashuka, na wewe umelala. Ndo maana hii kitu moja naipa muda mrefu kuliko vingine vyote, hata rangi ya kabati nimeamua kwa dakika tano.

Pampu ya zamani mezani

Ninayo pampu niliyotoka nayo kwenye tangi dogo, chapa siitaji. Ilikuwa haizimi, haipigi kelele, kila mtu angesema hii ni pampu ya kuaminika kabisa. Umeme ukakatika muda mfupi tu, uliporudi ikawa inanguruma bila kuzungusha maji. Nimeifungua leo kwa utulivu: chokaa imeganda kwenye sumaku ya rota, kile kipande kinachozunguka, na kwenye ukuta wa kile kitundu inapokaa, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni nyembamba kama karatasi. Na shafti ya kauri ina ufa.

Sasa hapa kuna jambo ambalo nadhani watu wengi wanalikosa. Hizi pampu za kawaida za AC, yaani za umeme wa ukutani moja kwa moja, zina mota ya sinkronasi, yaani rota ni sumaku tu iliyochovywa ndani ya maji, inafuata mawimbi ya umeme, na nguvu yake ya kuanza kuzunguka ni ndogo sana. Ikishashika mwendo inaweza kuendelea hata kama chokaa imeibana, maana tayari inakimbia, ila ikisimama hiyo chokaa inatosha kuizuia isianze. Kwa hiyo pampu inaweza kuwa imeshakufa miezi kadhaa iliyopita na wewe hujui, unajua siku umeme unapokatika. Na chokaa inapenda hasa humo ndani ya pampu kuliko sehemu nyingine kwa sababu kuna joto, kalsiamu kabonati inayeyuka kwa shida zaidi maji yakiwa ya moto, ukiongeza na maji ya matumbawe ambayo tunayajaza kalsiamu kwa makusudi basi ni suala la muda tu.

Nimeiloweka kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mapovu yakatoka mengi, nikasugua na mswaki, sasa inawaka. Lakini shafti yenye ufa siiamini, na nilipotafuta shafti na impela (kile kigurudumu chenye panga kinachosukuma maji) za modeli hii hazipatikani, mtengenezaji anauza pampu nzima tu. Hiyo peke yake imeniondolea hamu nayo.

Kwa hiyo vigezo vyangu viko hivi na sivibadilishi: iwake yenyewe kila umeme unaporudi, na impela na shafti ziuzwe peke yake. Lita kwa saa zinakuja baada ya hapo.

Mahesabu

Hizo lita nazo lakini lazima zijulikane. Zamani watu walikuwa wanataka maji ya tangi yapite kwenye sampu mara 10 kwa saa, siku hizi wengi wanatosheka na mara 3 mpaka 5 kwa sababu msukosuko wa matumbawe unafanywa na pampu za mawimbi zilizo ndani ya tangi lenyewe. Nachukua 5, lita 1500 kwa saa, zinazofika juu kweli.

"Zinazofika juu" ndo penyewe. Namba kubwa kwenye boksi ni mtiririko wa pampu ikiwa haibebi maji kwenda juu hata sentimita moja, na ile namba ya pili, hedi ya juu, ni urefu ambao maji yanafika na kusimama hapohapo, mtiririko sifuri. Maisha yako yako katikati ya hizo mbili. Kwa hiyo usinunue pampu ambayo mtengenezaji hajatoa grafu, ukiikuta grafu tafuta hedi yako, yaani kimo unachotaka maji yapande, kwenye mhimili mmoja usome lita kwenye mwingine, kazi imeisha.

Hedi yangu nimepima kuanzia uso wa maji wa chemba ya pampu, sio kuanzia pampu ilipokaa, maana maji yaliyo juu ya pampu ndani ya sampu yanaisaidia. Nimepata mita 1.1 mpaka uso wa maji wa juu. Hapo bado msuguano wa mabomba.

Kingine, kama pampu imetengenezwa kwa ajili ya umeme wa 60 Hz (mawimbi 60 kwa sekunde) na wewe una 50 Hz, namba za boksi sio zako. Rota inafuata Hz, mota ya nguzo mbili kwenye 60 inazunguka mara 3600 kwa dakika, kwenye 50 ni 3000. Mtiririko unashuka mpaka kama asilimia 83, hedi ya juu inashuka zaidi, inabaki kama asilimia 69 kwa sababu yenyewe inafuata mraba wa mwendo, tena koili iliyopangiwa 60 ikilishwa 50 inavuta umeme mwingi zaidi na kupata moto. Volti sizungumzii, hiyo kila mtu anaangalia.

Mabomba yanakula kuliko nilivyodhani ningeona kwenye karatasi

Nimekaa na kikokotoo jioni nzima. Lita 1500 kwa saa kwenye bomba la kipenyo cha ndani mm 25, kila mita inakula kama sm 4 za hedi, haina shida. Lita hizohizo kwenye mpira wa mm 16, mita moja inakula kama sm 35! Yaani kipenyo kikipungua msuguano unapanda karibu kwa uwiano wa vipenyo ukizidishwa wenyewe mara tano, 25 gawa kwa 16 ukizidisha yenyewe mara tano unapata zaidi ya 9, na ndo hivo hesabu zinavyotoka. Mtu ananunua pampu kubwa halafu anaifunga kwenye kampira kembamba kalichokuja na boksi, halafu anasema pampu ni dhaifu.

Kona nazo. Elbo ya nyuzi 90 inahesabiwa kama bomba lenye urefu wa mara 30 ya kipenyo chake, kwa bomba la mm 25 ni sm 75 kila elbo, kwa hiyo elbo nne ni kama umeongeza mita 3 za bomba. Nimeamua chini kwenye pampu natumia mpira laini wa silikoni unaopinda taratibu, unapunguza na mtetemo pia usipande kwenye kabati, halafu PVC kwenda juu na elbo mbili tu pale mdomoni.

AC au DC

Hapa nimezunguka sana, nikaamua, nikaamua tena.

DC, yaani zinazotumia umeme wa mkondo mmoja kupitia adapta, zina raha zake za kweli. Unapunguza mwendo kwa kitufe, hazina kelele, zinaanza polepole, na kwa kuwa kontrola ndo inaamua upande wa kuzunguka basi impela inaweza kuwa na panga zilizopinda vizuri zenye ufanisi. AC za sinkronasi ndogo upande wa kuanza ni bahati nasibu, inaweza kuanzia kulia au kushoto, ndo maana ukifungua utakuta panga zimenyooka, zikizungushwa upande wowote zinasukuma, au kuna kizuizi cha kuirudisha ikianza vibaya, na ndo ule mlio wa kugongagonga unaousikia sekunde moja mwanzoni. Halafu umeme: nguvu inayotumika inafuata mwendo ukizidishwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo kinadharia pampu ya DC kwenye asilimia 70 ya mwendo inatumia kama theluthi moja tu. Sio mtiririko wa asilimia 70 lakini, kwa sababu sehemu ya ule mwendo inaliwa na hedi kwanza.

Kinachonizuia ni mnyororo. AC ni waya, koili iliyofungwa ndani ya rezini, na rota. Basi. DC ni adapta, kontrola, waya wa plagi ndogo, halafu pampu yenye elektroniki, na kimojawapo kikifa vyote vimekufa, na adapta ya modeli moja mara nyingi haiingii kwenye nyingine. Na wapi tunaweka hizo adapta? Ndani ya kabati, juu ya sampu ya maji chumvi, kwenye unyevunyevu ambao unaacha chumvi kwenye kila plagi. Nikaangalia pia swali langu la msingi, umeme ukirudi kontrola inafanya nini? Kuna zinazokumbuka mwendo uliopangwa, kuna zinazorudi kwenye mwendo wa kiwandani, na kuna zinazokaa kimya zinasubiri ubonyeze kitufe. Kundi hilo la mwisho kwa kazi ya kurudisha maji mi sizitaki hata bure. Kama ungeniuliza kwa tangi la lita 800 ningesema DC kubwa iliyopunguzwa mwendo, adapta nje ya kabati na adapta ya akiba kwenye droo. Kwa lita 300, AC.

Pampu za nje ya maji, zile za sumaku kama za Iwaki wa Japani, nimeziacha bila kufikiria sana, ni imara ila zina sauti na zinataka tundu kwenye kioo cha sampu.

Mbili badala ya moja

Nilikuwa nimeshachagua pampu moja ya AC ya kati, kisha nikajiuliza kwa nini moja. Pampu mbili ndogo za modeli ileile, kila moja na bomba lake mpaka juu, moja ikigoma nyingine inaendelea na nusu ya maji, hita na oksijeni vinaendelea, samaki hawajui kama kuna tatizo. Impela moja ya akiba inafaa zote mbili. Na naweza kutoa moja nikaisafisha bila kuzima mfumo, kitu ambacho najijua, kama kusafisha kunataka kuzima kila kitu nitaahirisha.

Gharama yake ni tundu la pili na kusafisha mara mbili, na kuna mtego mmoja ambao lazima utatuliwe kwanza. Pampu moja ikifa, bomba lake bado limejaa maji na mdomo wake uko chini ya uso wa maji, kwa hiyo maji ya juu yanashuka kinyume kupitia hiyo pampu mfu kurudi kwenye sampu, na ile nzima inabaki inazungusha maji bure. Dawa ni valvu ya njia moja kwenye kila bomba. Najua valvu hizi zina sifa mbaya, mwani au kakonokono kakikaa kwenye mlango haifungi, na mi mwenyewe nisingeitegemea kuzuia mafuriko hata siku moja. Ila hapa kazi yake sio mafuriko, ikivuja kidogo napoteza mtiririko tu. Nimeziweka na yunioni, viungio vya kufungulika, pande zote mbili ili zitoke kwa mkono.

Kwenye kuchagua chapa sikutaka ushabiki. Nimeangalia watengenezaji wa muda mrefu kama Eheim na Tunze wa Ujerumani na Sicce wa Italia, wote wanauza impela peke yake, na nikachukua modeli ambayo shafti ni ya kauri, hakuna skrubu ya chuma inayogusa maji. Chuma cha kawaida kwenye maji chumvi ni kutu, na shaba ikiyeyuka hata kidogo inaua kamba na matumbawe kabla samaki hawajahisi kitu. Kila pampu ni lita 2000 kwenye boksi, hedi ya juu mita 2.3, wati 25.

Wati 50 zote mbili, saa 24, ni kama yuniti 438 kwa mwaka, na kwa kuwa zimezama hizo wati zote zinaishia kuwa joto ndani ya maji. Mahali pa baridi hita inapumzika kidogo, mahali pa joto hiyo ni shida ya kuhesabia mapema.

Kufunga, na saifoni

Umeme ukikatika maji yanarudi chini kwa saifoni, yaani yanajivuta yenyewe, kupitia bomba la pampu mpaka mdomo wake ushike hewa. Tangi langu lina eneo la sm 120 kwa 50, kwa hiyo kila sentimita moja ya maji ni lita 6. Sampu naijaza mpaka sm 25, juu inabaki sm 15 tupu, ambazo ni lita 48. Mdomo ukiwa sm 10 chini ya uso, lita 60 zinashuka na sakafu ndo inapokea zilizobaki. Nimeiweka midomo sm 3 chini, lita 18, pamoja na maji ya kwenye boksi la kufurikia na mabomba bado nina nafasi ya kutosha. Nimetoboa pia tundu la mm 3 kwenye kila bomba chini kidogo ya uso wa maji, ili hewa iingie mapema, na hilo tundu linahitaji kusafishwa maana likizibwa na mwani halipo.

Waya zote zina mzingo wa kudondoshea, yaani waya unashuka chini ya soketi kisha unapanda, tone la maji lidondoke badala ya kufuata waya mpaka kwenye plagi. Kila pampu iko kwenye breka yake ya kukata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Breka mbili tofauti, sio moja, la sivyo kasoro ya pampu moja inazima zote na ujanja wote wa pampu mbili umeisha.

Vipimo

Ndoo ya lita 10 na saa ya simu, bomba moja moja, ndoo imeshikiliwa pale juu kwenye kimo cha mdomo wenyewe. Bomba la kwanza sekunde 45, la pili 46. Lita 10 kwa sekunde 45 ni lita 800 kwa saa, zote mbili pamoja kama 1580, karibu na lengo na zaidi kidogo. Boksi linasema 2000 kila moja, mnaona wenyewe.

Kelele ipo ndogo, mngurumo wa chini, iliisha karibu yote nilipozuia pampu zisiguse kioo cha pembeni. Mapovu madogo juu siku ya kwanza, yakaisha maji yalipotulia kwenye chemba. Ukihitaji kupunguza mtiririko wa AC, koki inakaa upande wa kutokea, usibane upande wa kunyonya, pampu itafanya mapovu ya ombwe ndani na impela italiwa.

Chemba ya pampu ndo inanipa wasiwasi uliobaki. Maji yanayokauka mfumo mzima yanaonekana hapo peke yake, sehemu nyingine uso haushuki. Chemba yangu ni sm 20 kwa 40, lita 0.8 kwa kila sentimita, zikikauka lita 4 tu uso umeshuka sm 5 na pampu zinaanza kunusa hewa.

Jaribio la kuzima na kuwasha

Hili ndo nililokuwa nalisubiri. Nimezifunga kwenye plagi ya taima, dakika 15 inawaka, dakika 15 imezimwa, usiku kucha, na kamera ya simu ya zamani ikitazama midomo ya juu. Zimewaka kila mara. Pampu ya kwanza inagonga kidogo inapoanza upande wa nyuma kisha inageuka, ya pili mara nyingi inaanza sawa. Sampu haijafurika, maji yamepanda mpaka sm 32 na kusimama hapo.

Pampu mpya kuwaka tena sio habari kubwa, najua. Habari ni ikishashika chokaa. Kwa hiyo jaribio hili linabaki kwenye ratiba: kila mwisho wa mwezi nazima moja kwa dakika 10, mota iwe imepoa, nawasha, nasikiliza. Ikichelewa hata sekunde mbili tatu kuliko kawaida inatoka siku hiyohiyo inaingia kwenye siki au asidi ya sitriki, ya akiba inaingia. Pampu ya zamani yenye ufa nimeigawa vipuri, nimebakiza waya na skrini ya kunyonyea.

Kinachofuata ni kijazio cha maji yanayokauka, swichi ya kuelea kwenye chemba na ndoo ya maji yasiyo na chumvi. Chombo kimeshafika, stendi ya ndoo bado.